Samaki Waliomwamkia Mpishi

Wenzangu mliokaa, mliosimama, na wewe uliyejifanya unapita tu huku masikio umeyaacha hapa: hadithi hii ina harufu kidogo. Msinikimbie katikati. Ni ya nyumba moja tu, lakini nikifika mwisho kila mtu atajinusa mwenyewe.

Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na bwawa la samaki. Halikuwa kubwa, mtema mate hodari angeyafikisha mate yake ng'ambo. Maji yalitoka kwenye chemchemi ya juu, yakashuka kwa mfereji mwembamba uliopita kando ya ukuta wa jikoni, yakaingia bwawani taratibu kama mgeni mwenye haya. Asubuhi, jua likiwa bado linapiga miayo, mwenye nyumba alitoka na sufuria mkononi, aproni nyeupe kifuani, akasimama ukingoni. Hapo samaki wakapanda. Midomo kwa makumi ikajitokeza juu ya maji, midogo, ya mviringo, inafunguka na kufumba: pwap, pwap, pwap.

"Wananiamkia!" alisema Mpishi, maana ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. "Mama Watoto, njoo uone adabu. Watoto wetu wenyewe hawakuwahi kuniamkia hivi."

"Watoto wetu hawakulala majini," mkewe akajibu kupitia dirishani.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa mbele ya dirisha hilo, na kutoka pale aliiona ile midomo kama vifungo vya shati vilivyomwagika. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya tatu akavihesabu. Siku ya tano mguu wake ulisimama juu ya kanyagio la cherehani, kwa sababu vifungo vilikuwa vinaongezeka, na yeye anajua kazi yake: kifungo kikizidi kwenye shati, kuna mahali pamekosewa.

Sasa muelewe samaki wale walikuwa wa nani. Hawakuwa wa Mpishi, wala wa Mshonaji peke yake. Walikuwa wa kikundi cha akina mama kumi. Kila mama alileta vifaranga arobaini vya perege ndani ya ndoo, vikamiminwa bwawani, vikawa mia nne. Kikundi hicho kilishavunjika mara mbili kwa sababu ya kutoaminiana, kikaungwa tena kama chungu. Siku ya kumimina, akina mama walisita na ndoo zao, wanatazamana pembeni pembeni. Mshonaji ndiye aliyesimama mbele yao, mkono kifuani.

"Bwawa liko kwangu, maji yanapita kwangu, amana iwe kwangu," alisema. "Nikiwapoteza samaki hawa, nanyi nipotezeni mimi. Nitatoka kikundini kwa miguu yangu mwenyewe, na msinirudishe."

Kiapo, wenzangu, ni kama uzi uliosahaulika mgongoni mwa gauni. Aliyevaa hauoni, wanaomfuata nyuma ndio wanaoutazama njia nzima. Na kwa Mshonaji kikundi hakikuwa mchezo. Alipovunjika nyonga, ni wale tisa waliopokezana kumwogesha. Mama yake alipofariki, ni wao waliokaa naye mpaka akaweza kula. Kuwapoteza wao kulikuwa sawa na kubaki na mkono mmoja.

Mpishi naye alikuwa na hadithi yake. Miaka thelathini alipika kwenye bweni la wanafunzi, vijana mia tatu asubuhi, mia tatu jioni. Alijua njaa ya mtu kwa kumwangalia shingo. Akastaafu, wakampa saa ya ukutani na makofi, upawa ukabaki kule. Nyumbani akawa anazunguka jikoni kama inzi aliyefungiwa, anaonja mchuzi wa mkewe na kukunja uso. Bwawa lilipochimbwa akaomba, tena kwa upole usio wa kawaida yake: "Kazi ya kulisha nipeni mimi." Akina mama wakakubali. Nani angekataa mpishi?

Siku ile ya kwanza alikuja pia afisa wa samaki, msichana mwembamba mwenye mabuti ya mpira, waliyembandika jina la Bibi Samaki ingawa hakuwa bibi wa mtu. Akawapa chakula maalumu cha samaki kwenye gunia, na karatasi yenye maagizo. Akaisoma yote kwa sauti, mstari kwa mstari. Mpishi alimsikiliza kama mnavyonisikiliza mimi: kwa uso.

Karatasi ikaachwa juu ya meza ya kushonea. Ilikuwa karatasi ngumu, nzuri, inyookayo. Wiki ileile Mshonaji alihitaji kielelezo cha kola ya shati la mteja mwenye shingo nene. Mkono uliishika karatasi, mkasi ukakata, na mabaki yakaingia motoni. Si ubaya. Ni mkono tu ulikimbia mbele ya akili.

Kuna jambo lingine dogo. Mshonaji alikuwa pia anatia rangi upya nguo nyeusi zilizopauka. Maji ya rangi aliyamwaga nyuma, penye jiwe la kufulia, yakatiririka kwenye mtaro wa nje. Msimu wa mvua uliopita maji hayo yaligeuka yakaanza kuingia jikoni, naye akaweka matofali matatu kuyazuia. Yakazuilika vizuri sana. Wapi yalikoelekea baada ya hapo hakuuliza, nayo hayakumwambia. Matofali hayo matatu yawekeni kando, tutayarudia.

Basi wiki ya sita, midomo ikawa mingi kiasi kwamba asubuhi bwawa lilikuwa linatoa sauti kama watu wanaobusiana kwenye giza. Maji, ambayo zamani ndani yake ulimwona perege mpaka mkia, yakawa mazito, ya kijani, kama supu ya majani iliyolala. Ukinusa, kulikuwa na kitu cha chini kabisa, kitu kilichooza kwa siri.

"Baba Watoto," Mshonaji alisema, "unawapa kiasi gani?"

"Wanachohitaji."

"Na wanahitaji kiasi gani?"

"Mke wangu, we huoni? Wanafungua midomo mpaka utumbo unaonekana! Hiyo si njaa ni nini? Mtu akikufungulia mdomo utamwambia subiri mpaka jioni?"

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, na lilikuwa kosa la huruma, ambalo ndilo baya zaidi kwa sababu halikemeki. Gunia la chakula maalumu aliliona halina maana, vipunje vikavu visivyo na chumvi wala harufu. Rafiki yake wa bwenini alikuwa anamletea ndoo ya makombo kila jioni: ukoko wa wali, maharage, mafuta yaliyobaki kwenye kikaango, mikate ya juzi yenye ukungu wa buluu ubavuni. Akawa anachemsha, anaponda, anatia na chumvi kidogo. Samaki wakipanda, anawapa. Wakipanda tena, anawaongeza. Asubuhi iliyofuata wamepanda zaidi, naye anasema, "Mnaona? Walikuwa na njaa ya miaka."

Siku ya Jumatatu Mshonaji alimwona akitoka kwa upande wa stoo ya makaa, jembe mkononi, udongo kwenye magoti.

"Umezika nini?"

"Nani kazika?"

"Jembe limejichimbia lenyewe?"

Akapangusa magoti, akasema, "Watatu tu. Walikuwa wadhaifu."

Siku ya Jumatano wakawa saba. Na hawa Mshonaji aliwaona mwenyewe: mapezi yamechanika kama pindo lililofumuka, na mkiani kuna utando mweupe, laini, mithili ya pamba ya kujazia mto. Tumbo la mmoja limevimba. Mpishi akasema ni baridi. Akachukua vidonge vyake vya kikohozi vilivyobaki tangu mwaka juzi, akavisaga, akavichanganya na mkate.

"Samaki wanakohoa?" mkewe akauliza.

"Umewahi kuwasikiliza?"

Usingizi ukamhama Mshonaji. Mchana alikuwa anashona mikono ya kulia upande wa kushoto. Sindano ilimchoma kidole mara mbili, jambo ambalo halikumpata tangu alipokuwa mwali. Na jirani yake mfuga kuku, mwenyekiti wa kikundi, waliyemwita Mama Kuku, alikuwa haachi kuchungulia juu ya ukuta.

"Shoga, wangu hawajambo?"

"Hawajambo, dada."

"Maana leo nimewaota. Wamenona! Mmoja kanikonyeza."

"Samaki hana kope, Mama Kuku."

"Ndiyo maana nikashangaa!"

Wakacheka wote wawili. Mshonaji alipogeuka, kicheko kilikatika kama uzi mbovu. Amemdanganya mtu aliyemwogesha.

Mchana huo alipekua bunda lote la vielelezo vyake: mikono, viuno, mifuko. Akaipata karatasi ya Bibi Samaki. Ilikuwa kola safi kabisa, saizi kumi na saba. Akaisoma huku imepinda shingoni: "...usilishe kabla jua halija..." Kisha ukingo. Mstari wa pili: "...wakipanda asubuhi kuhema, usi..." Kisha ukingo. Mstari wa tatu ulikuwa na neno moja zima, nalo ni "hatari".

Akatoka nayo mpaka bwawani.

"Baba Watoto, hawakuamkii. Wanahema. Hapa pameandikwa."

"Hapo pameandikwa kola."

"Soma!"

Mpishi alisoma, akaigeuza, akaitazama nyuma, akamrudishia. "Nimelisha watu mia tatu miaka thelathini. Hakuna aliyekufa."

"Hukuwalisha wakiwa ndani ya sahani!"

Ilimtoka tu, lakini Mpishi alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Akaketi juu ya ndoo. Kwa muda alisugua upindo wa aproni kwa kidole gumba.

"Tangu nistaafu," akasema polepole, "nani ananisubiri asubuhi? Wewe una cherehani yako. Hawa nikitokea tu mlangoni, wanakuja."

Mshonaji akaikunja ile kola, akaitia mfukoni. Alipaswa kukimbia kwa afisa alasiri ileile. Badala yake akamwonea mumewe haya, akajionea haya na yeye, akasema kesho. Jamani, hiyo kesho imezika wengi.

Kesho ilipofika, hakukuwa na sauti ya midomo. Kimya hicho ndicho kilichomwamsha. Alitoka miguu mitupu. Bwawa lilikuwa limefunikwa na matumbo meupe, yamelala ubavu kwa ubavu upande wa kutokea maji, na kati yake waliobaki hai wanajisukuma, midomo juu, wamechoka hata kufumba. Mpishi alikuwa amesimama kwenye maji hadi magotini, sufuria imejaa, hajamwaga. Alikuwa analia bila sauti.

"Hawataki kula," alisema.

Mshonaji alikimbia, na nyonga yake mbovu hivyohivyo, mpaka ofisi ya samaki iliyo nyuma ya tangi la maji, akampata Bibi Samaki anafungua kufuli.

"Mwanangu," alisema, akishika nguzo, "njoo. Usiulize, njoo."

Waliporudi, habari ilikuwa imeshafika kabla yao, kama kawaida ya habari mbaya, haivai hata viatu. Akina mama tisa walikuwa ukingoni. Hakuna aliyemsalimia. Mama Kuku alimtazama mara moja, akatazama maji.

Bibi Samaki hakupoteza muda kwa pole. Alikunja mkono wa shati, akauzamisha bwawani.

"Mama, njoo uangalie. Nimezamisha mpaka kiwiko. Unakiona kiganja changu?"

"Sikioni hata kifundo."

"Ingekuwa sawa, ungehesabu vidole. Kijani hiki ni mimea midogo sana. Mchana inatoa hewa, usiku inaivuta yote. Na chini kuna chakula kinachooza, nacho kinavuta hewa hiyohiyo. Alfajiri samaki wanabaki bila kitu, wanapanda juu kutafuta pumzi." Akamgeukia Mpishi. "Baba, nipe kisu."

Mpishi alikuwa ameganda. Kisu hakikuonekana. Mshonaji akaingia ndani, akarudi na mkasi wake. Wenzangu, mnaojua washonaji mtaelewa. Mkasi ule haukuwahi kuazimwa na mtu, hata kwa kukata uzi. Kwa ile karatasi ya kola tu aliufuta na kuuomba msamaha. Akamkabidhi Bibi Samaki, nao ukapasua tumbo la perege.

"Tazameni ini. Lilitakiwa liwe jekundu, la kahawia. Hili ni la njano kama siagi, na mafuta yanateleza. Huyu amelishwa mafuta na kitu chenye ukungu. Na hapa kwenye matamvua, anapovutia pumzi, panatakiwa pawe pekundu. Pamepauka, pana ute." Akasita, akafuta kidole kwenye nyasi. "Na pana weusi. Huu weusi siujui."

Mshonaji aliujua.

"Samaki aliyedhoofika ndiye anayepata ule ukungu wa pamba," Bibi Samaki aliendelea. "Ugonjwa huwa uko majini siku zote, unangoja tu mlango. Sasa waliobaki naweza kuwaokoa wengine, lakini lazima nijue kila kilichoingia humu. Nikikisia nikakosea, jioni mtazika wote. Nani anatia nini?"

Akina mama wakatazama vidole vya miguu. Mpishi akatazama mbingu. Mama Kuku, ambaye kwa kawaida kimya kinamwasha kama upupu, akakaza kilemba.

"Mimi siwezi kutibu uongo," msichana akasema. "Saa inakwenda."

Na kweli, pale kati, perege mmoja mkubwa alijilaza ubavu, akajisimamisha, akajilaza tena.

Mshonaji alimtazama huyo. Alikuwa na maneno tayari mdomoni: ni huyu, mume wangu, na sufuria yake. Yalikuwa maneno ya kweli, tena yangemwokoa. Tangu Jumatatu ndiyo aliyokuwa akiyafanyia mazoezi. Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo nyani alionyeshwa: ubavuni mwa maji, kwenye mdomo wa mfereji, palikuwa na mstari mweusi juu ya jiwe, mwembamba, kama alama ya chaki ya fundi nguo.

"Weusi ni wangu," alisema.

Akina mama wakainua vichwa.

"Natia nguo rangi. Maji yalikuwa yanaingia jikoni, nikaweka matofali, yakageukia mfereji. Sikufuata kuangalia. Nilikuwa nasema ni maji kidogo tu. Na karatasi ya maagizo niliikata kola. Na tangu Jumatatu samaki wanakufa, nami nawaambia hawajambo." Akamtazama Mama Kuku. "Niliapa mbele yenu. Nitaondoka. Lakini kwanza wacheni hawa wapone."

Mficha uchi hazai, na aliyeuvua mbele za watu huwapa na wengine ujasiri wa kufungua vifungo. Mpishi alitoka majini, suruali inachuruzika.

"Makombo ni yangu. Mikate, mafuta. Kila wakipanda, nawaongeza. Na vidonge vya kikohozi." Akainamisha kichwa. "Nilidhani wananiamkia."

Hakuna aliyecheka. Kisha pakasikika sauti ya chini sana, ambayo hakuna aliyeamini ni ya nani.

"Kinyesi cha kuku ni changu," alisema Mama Kuku.

"Kinyesi kipi?" Bibi Samaki akauliza.

"Nilisikia kinanenepesha. Namwaga ndoo kwa juu ya ukuta, pale kona yangu."

"Kona yako?"

"Kona wanayokaa wale arobaini wangu."

"Dada," mama mmoja akamwuliza, "wako unawajuaje?"

"Wanapenda kona ile!"

Hapo kicheko kiliwatoka, cha hofu, cha aibu, kifupi kama kupiga chafya. Na wawili wengine wakakiri kwamba walipokuja kuchota maji kwenye chemchemi walikuwa wanarusha bwawani konzi moja ya pumba, wao tu, ili wa kwao wasipunjwe. Walilikoroga watano, wenzangu, na samaki ndio waliolinywa.

"Sasa naweza kufanya kazi," alisema Bibi Samaki.

Mshonaji aling'oa yale matofali matatu kwa mikono yake, kucha zikakatika. Mpishi alichimba upande wa kutokea maji ili theluthi ya ile supu iondoke. Akina mama wakajipanga kutoka chemchemini hadi bwawani, ndoo kwa ndoo, na kila ndoo Bibi Samaki alitaka imwagwe kutoka juu, kwa kelele, maji yapige maji. "Yapigeni! Hewa inaingia kwa fujo!" Mama Kuku alikuwa anamwaga kama anayemwagia mke mwenza. Wengine waliokota wafu kwa chekecheo. Mpishi aliuliza kama wale waliokufa sasa hivi hawawezi kukaangwa, maana kutupa chakula kunamuuma. Mama Kuku akauliza kama kuku wake hawawezi kupewa.

"Aliyekufa kwa ugonjwa na rangi, haliwi na mtu wala na kuku," msichana akasema. "Mzike, mbali na maji."

Wagonjwa wenye pamba waliwekwa kwenye beseni la kufulia lenye maji ya chumvi ya kupima, dakika chache, wakahamishiwa beseni safi. Chakula marufuku siku tatu. Mpishi alisikia hukumu hiyo kama ya kwake mwenyewe.

Jua lilipozama, hakuna mama aliyekwenda nyumbani kupumzika kwa amani. Mshonaji alikaa dirishani mikono mapajani. Kilichobaki kilikuwa kungoja alfajiri, saa ile ambayo hewa majini ni kidogo kuliko zote. Wakivuka hiyo, wamevuka.

Alfajiri yeye na Mpishi wakatoka, hakuna aliyemwita mwenzake. Maji bado yalikuwa ya kijani, ila mepesi. Midomo ilikuwepo. Mshonaji akavihesabu vifungo vyake: kumi na mbili, kumi na tatu. Alfajiri nyingine, vitano. Ya tatu, hakuna. Akazamisha mkono mpaka kiwiko, akaona kiganja chake hafifu, kama cha mtu anayempungia kutoka chumba kingine. Na chini ya kiganja, kivuli kikapita haraka, kikageuka, kikapita tena.

Walikufa mia moja hamsini na nane, pamoja na wale kumi wa mwanzo. Mshonaji aliwahesabu mwenyewe wakati wa kuzika, hakupunguza hata mmoja. Jumapili, kikundi kilipokutana, alisimama kabla hajaulizwa, akakunja mkeka wake.

"Nilisema nitatoka kwa miguu yangu."

"Kaa chini," Mama Kuku akasema.

"Niliapa."

"Ukitoka wewe mwenye matofali, na mimi mwenye kuku natoka, na hawa wa makonzi wanatoka. Kikundini abaki nani, Mpishi? Atatulisha tufe!" Akampapasia nafasi pembeni yake. "Kiapo chako tumekibadilisha. Nikikuuliza wangu hawajambo, uniambie wanaumwa. Hicho ndicho kiapo. Kaa, nyonga yako inanitia uchungu ikisimama."

Mshonaji alikaa. Alilia kidogo, akasingizia kitunguu, na kitunguu hakikuwepo.

Tangu siku hiyo chakula ni cha gunia, vibakuli viwili, jua likiwa limepanda. Mpishi anakishusha kwa sinia lililofungwa kamba. Baada ya robo saa analivuta, na kikibaki chochote anapunguza kesho yake. Maji ya rangi yanaingia shimo la mbali lenye mawe. Mama Kuku kaambiwa kinyesi kina kipimo chake, na aliyempimia ni Bibi Samaki.

Lakini Mpishi bado hutoka alfajiri, mazoea yana ushenzi wake. Asubuhi moja mkewe alimwona ukingoni, aproni kifuani, mikono mitupu. Maji yametulia kama kitambaa kilichopigwa pasi. Alisimama pale muda mrefu. Mshonaji akatoka, akasimama naye.

"Hawaniamkii tena," alisema Mpishi.

"Hawakuamkii. Wako wazima."

Akafikiri. Akavua aproni, akaikunja mara nne.

"Basi shikamoo, Mama Watoto," akasema, kwa kuwa salamu ilikuwa tayari imemfika mdomoni na hakuwa na wa kumpa.

"Marahaba, mwanangu," mkewe akajibu, na wakaingia ndani kunywa chai.

MAFUNZO

Samaki anaishi ndani ya sahani yake, na sahani hiyohiyo ndiyo choo chake, ndiyo kitanda chake, ndiyo hewa yake. Kila unachomtupia, akile asikile, atakivuta pamoja na pumzi. Kwa hiyo mlishe kwa kipimo, mpe chakula kisichooza wala kuota ukungu, na ukimwona anafungua mdomo alfajiri, usikimbilie sufuria, kimbilia maji safi na mjuzi. Ugonjwa hauanzi na ule utando mweupe. Ulianza siku tulipochafua maji, nasi tunauona tukiwa tumechelewa.

Na lililo kubwa kuliko bwawa: huruma isiyouliza huua kama ukatili, ila yenyewe hupewa pole. Wapo watoto, wagonjwa na wazee majumbani mwetu tunaowashindilia tunachotaka sisi, kisha tunasema wanatuamkia. Na maji hayachafuliwi na mtu mmoja mbaya. Huchafuliwa na watu wengi wazuri, kila mmoja na kidogo chake, kila mmoja anamtazama mwenzake. Aliyesema "weusi ni wangu" ndiye aliyeokoa mia mbili arobaini na mbili.

Nimemaliza. Na wewe uliyejifanya unapita tu, kabla hujaenda zako: matofali yako matatu umeyaweka wapi?